Jua la Saa Nne: Slaidi za Rangi, Mwanza na Ukerewe

Ijumaa, Isamilo

Nimeingia Mwanza kwa basi kutoka Dar es Salaam, mikanda ya picha ikiwa kwenye kiboksi cha barafu miguuni. Ndege ingeniponya mgongo, lakini mashine mpya za kukagua mizigo, zile za CT, huharibu filamu hata ikipita mara moja tu, na sikuwa na hamu ya kubishana na askari wa zamu kuhusu kitu ambacho huenda hajawahi kukiona.

Nilichofuata huku ni rangi. Nataka picha za ziwa zenye sura ya zamani, kama postikadi za miaka ya 1960 na 1970, na nataka sura hiyo itoke kwenye filamu yenyewe, si kwenye programu ya simu. Filamu ya slaidi ndiyo njia yake, kwa sababu haina negativu, ile picha ya kinyume ambayo studio hutolea nakala. Kile kipande kilichokuwa ndani ya kamera ndicho unachokishika mkononi na kukitazama. Hakuna fundi wa studio wa kukurekebishia rangi katikati.

Hapa Isamilo nimefikia kwa mjomba. Alikuwa karani wa bandari na alipenda kamera kuliko mshahara wake ulivyoruhusu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Oga kwanza, ule, ndiyo tuongee habari za sanduku langu la slaidi."

Sanduku lenyewe ni la bati. Ndani yake kuna slaidi zenye fremu za karatasi ngumu, nyingine zikiwa na muhuri wa mwezi na mwaka uliopigwa maabara. Nilizipanga mezani kwa makundi mawili, na tofauti ilionekana bila kuhitaji miwani. Kundi moja limegeuka wekundu wote: anga nyekundu, maji mekundu, watu kama wamesimama mbele ya tanuri. Hizo ni Ektachrome, filamu ya slaidi ya Kodak, za enzi zile. Rangi ya samawati iliyokuwa ndani ya filamu imekufa mapema kuliko nyingine, ukabaki wekundu peke yake. Kundi la pili ni Kodachrome, filamu nyingine ya Kodak, na hilo limekaa vilevile. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani 1961, bado ni nyeupe, na gauni la shangazi bado ni jekundu.

Kwa hiyo "sura ya zamani" zipo mbili, na wanaoitafuta wengi huzichanganya. Moja ni ugonjwa wa rangi uliokuja baadaye. Nyingine ni jinsi picha ilivyotoka siku ile ile. Mimi naitaka ya pili.

Inua slaidi ya Kodachrome dirishani, uilaze kidogo, uutazame upande usiong'aa. Utaona mistari ya picha imeinuka kama nakshi, ukingo wa meli unashikika kwa macho. Filamu ile haikubeba rangi ndani yake. Ilikuwa tabaka za nyeusi na nyeupe, na rangi ziliongezwa maabara wakati wa kusafisha. Iliingia sokoni 1935 kwa ajili ya sinema, na mwaka uliofuata ikaja ya kamera za kawaida. Walioibuni ni wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky mdogo. Kwa vile usafishaji wake ulihitaji mitambo mizito, haikuwezekana kuisafisha nyumbani. Kodak waliacha kuitengeneza 2009, na maabara ya mwisho kuisafisha, Dwayne's Photo ya Kansas, iliacha kupokea mikanda mwisho wa 2010. Ukiona mtu anakuuzia mkanda wa Kodachrome leo, jua kwamba utakachokitoa humo ni nyeusi na nyeupe.

Hapo ndipo suala la kuchagua linapoanza, maana ile yenyewe haipo.

Jumamosi, mjini

Kwenye kiboksi nina mikanda ya slaidi ya aina nne: Ektachrome E100 ya siku hizi, Velvia 50, Provia 100F, na mkanda mmoja wa Sensia uliopita muda wake zamani, niliouchukua kwa udadisi. Mkanda mmoja wa E100 unazidi shilingi 50,000 kabla hujalipia usafirishaji, kwa hiyo hapa hakuna mambo ya kubonyeza-bonyeza. Usiku niliitoa mikanda kwenye friji mapema ili ipate joto la chumba. Ukifungua kasha likiwa baridi, unyevu unatua juu ya filamu.

Mjomba kanikabidhi kamera yake ya Pentax Spotmatic na lenzi ya Super-Takumar, milimita 50, tundu la kupitishia mwanga 1.4. Nilipoitazama lenzi juu ya karatasi nyeupe niliona imekuwa ya manjano kama chai ya rangi. Wengi wangeitupa. Kumbe kioo kimoja ndani yake kimechanganywa na thoriamu, madini yenye mnunurisho, na kwa miaka mingi mnunurisho huo hukigeuza kioo kuwa cha manjano. Ukikiweka juani siku nyingi, kinarudi kuwa cheupe. Nimemwomba mjomba asikiweke juani, manjano hayo nayataka.

Alfajiri nilikuwa Mwamba wa Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani hapa Mwanza. Kila anayefundisha picha husema piga jua linapochomoza au linapozama, na kweli mwamba ulikuwa mzuri, wa dhahabu, maji yametulia. Nikapiga kidogo kwa wajibu. Kisha nikakaa kwenye kivuli, nikanywa uji, nikasubiri hadi saa tatu ilipopita.

Sababu iko kwenye sanduku la bati. Katika slaidi za mjomba karibu hakuna ya jioni. Filamu za enzi hizo zilikuwa nzito kupokea mwanga, Kodachrome iliyopendwa sana ilikuwa na ISO 25 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), baadaye ikaja ya 64. Mtu wa kawaida mwenye kamera ya kawaida alihitaji jua kali, na maelekezo ya siku zile yalikuwa mafupi: jua liwe mgongoni kwako. Ndiyo maana picha zile zina anga ya samawati iliyokoza, vivuli vyeusi vilivyokatwa vikali, na watu wanaokunja macho. Hiyo dhahabu ya machweo ni mtindo wa baadaye. Anayetaka 1965 aamke saa nne.

Lakini isipite saa nne na nusu sana. Mwanza iko kiasi cha nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta. Jua likifika utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo mawili meusi.

Nilipiga mwamba ule ule kwa kamera mbili, zote zikiwa na E100: Spotmatic ya mjomba, na Nikon FM2 yangu yenye lenzi safi. Majibu tutayaona siku ya kusafisha.

Mchana nilipita mtaa wa Makoroboi na Velvia. Filamu hii ilitoka 1990 na inajulikana kwa kukoleza rangi, hasa kijani na nyekundu. Kwa nguo za mitumba zilizotundikwa, ndoo za plastiki na ukuta wa hekalu la Wahindu, hakuna filamu inayochangamka zaidi yake. Ila nina mashaka nayo. Inakumbusha kalenda za ukutani za miaka ya 1990, zile za maporomoko ya maji, wala si sanduku la mjomba. Na kwa ngozi zetu ina tabia mbaya ya kumfanya mtu mweusi awe mwekundu kama tofali. Nimeitumia kwa vitu, si kwa watu.

Jumapili, Mwaloni Kirumba

Magunia ya dagaa hadi juu ya paa, wachukuzi, mikokoteni, wafanyabiashara wa kutoka Burundi na Kongo wakihesabu fedha. Sehemu kubwa ya soko iko chini ya paa, na kivuli ndicho adui wa slaidi. Filamu hizi zimetengenezwa kwa mwanga wa jua la mchana, kelvini 5500 hivi, kipimo cha rangi ya mwanga. Kivulini mwanga unatoka angani, si kwenye jua, na filamu inaona samawati ambayo macho yako yameshaisamehe. Lenzi ya manjano inasaidia, lakini haimalizi kazi. Mwenye lenzi ya kisasa avae filta ya 81A, kioo cha manjano hafifu.

Nilipiga kidogo, nikala sato wa kukaanga kwa ugali, nikarudi Isamilo kulala. Kesho meli.

Jumatatu, ziwani

Safari ya Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, ni zaidi ya saa tatu. Kulikuwa na mawingu mazito na upepo. Slaidi chini ya mawingu hutoa kijivu cha kusikitisha chenye ubluu, kwa hiyo kamera zilibaki begini nami nikalala juu ya gunia la mtu, kwa ruhusa yake.

Jumanne, Ukerewe

Leo ndiyo siku niliyoifuata.

Mwalo, ufukwe wanakoshushia samaki, uko mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Nansio. Saa tatu asubuhi mchanga wote ulikuwa umefunikwa na dagaa, na jua likawapiga hadi ufukwe ukawa unang'aa kama bati jipya. Akina mama wanawatandaza kwa mikono, kisha wanawageuza na fagio la vijiti ili wakauke pande zote.

Mama mmoja, makamo, alikuwa amevaa kanga nyekundu iliyopauka na fulana nyeupe, nyuma yake ziwa na mitumbwi ya rangi. Kwa macho yangu ile ilikuwa slaidi ya mjomba tayari, imesimama na miguu miwili. Nikasalimia, nikaeleza, nikaomba.

"Na kanga hii ya kazi? Hapana kaka, ngoja."

Akaondoka. Wenzake wakacheka. Nikabaki natazama saa, jua linapanda. Alirudi na gauni la kitenge la zambarau na kijani, kilemba juu, viatu miguuni. Nikajaribu kumbembeleza arudie kanga.

"Wewe unataka picha yangu au ya kanga?"

Sikuwa na jibu. Akasimama, akaokota beseni jekundu la plastiki lililojaa dagaa, akaliegemeza kiunoni. Hilo beseni ndilo lililoiokoa hoja yangu: slaidi za zamani hukaa vizuri zikiwa na nyekundu moja iliyo wazi, na mengine yote yakiwa ya kawaida.

Sasa kupima mwanga, na hapa ndipo slaidi inapomnyoosha mtu. Negativu ukiizidishia mwanga stopu mbili (kila stopu ni mwanga maradufu), studio watakuokoa. Slaidi ina nafasi ya stopu tano hivi kutoka weusi hadi weupe, na ukikosea kwa nusu stopu inaonekana. Mbele yangu kulikuwa na ngozi nyeusi, dagaa wanaong'aa na mchanga mweupe. Mita ya ndani ya kamera inapima mwanga uliorudi kutoka kwenye vitu. Ingeona mchanga na dagaa, ingedhani kuna mwanga mwingi mno, ingempiga mama giza. Ningeisogeza usoni pake, ingefanya kinyume, na dagaa wangeungua.

Kwa hiyo nilitumia mita ya mkononi, ile yenye kikombe cheupe. Unasimama pale alipo mtu, unakielekeza kikombe kwenye kamera, inapima mwanga unaomwangukia. Haijali nani mweusi na kipi cheupe. Ilinipa tundu 16 kwa kasi ya 1/125 ya sekunde, ambayo ndiyo kanuni ya wazee kwa ISO 100 kwenye jua kamili. Sikuongeza wala kupunguza. Lenzi ya manjano inakula mwanga kidogo yenyewe, kama theluthi ya stopu, na slaidi iliyopungukiwa theluthi ndiyo inayokoza rangi kwa namna ninayoitaka. Mwenye lenzi nyeupe apunguze mwenyewe.

Nikampiga mara tatu. Katikati ya ya pili mtoto alipita nyuma na fremu ya baiskeli isiyo na matairi. Nikaiacha.

Jioni nilikaa kwenye mawe juu ya mwalo nikiwa na Provia na stendi. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa hujipanga ziwani hadi upeo wa macho. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, mwanga wake wa njano. Siku hizi nyingi ni za LED na mwanga wake ni mweupe wa baridi, kwa hiyo hata ningekuwa na Kodachrome halisi, usiku huu usingekuwa usiku wa mjomba. Provia niliichagua kwa sababu moja: ukiiacha wazi muda mrefu, hadi dakika mbili, haihitaji nyongeza ya mwanga wala haigeuzi rangi, na filamu nyingi hufanya yote mawili. Dakika moja kwa kila picha. Mitumbwi inayumba, kila taa inajichora mkia mfupi.

Jumatano

Meli, mvua, Mwanza.

Alhamisi, Bujora

Daladala hadi Kisesa, kiasi cha kilomita 20, halafu bodaboda. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement, na jengo mojawapo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Kuta zenye rangi, ngoma, nyasi kavu, anga safi baada ya mvua ya jana. Nilimalizia E100 hapa, na ile Sensia ya zamani nikaiingiza kwenye Nikon nikapiga majengo yale yale. Mzee anayetuzungusha alikuwa na subira kubwa. Nilipomwambia natafuta rangi za zamani, alinipeleka kwenye ukuta ambao haujapakwa upya, akasema, "Basi piga hapa."

Ijumaa, jikoni kwa shangazi

Nimesafisha mwenyewe. Dawa za E-6, za kusafishia slaidi, huuzwa kwa seti ya unga au maji, chupa tatu, na kinachotisha watu ni joto tu. Dawa ya kwanza inataka nyuzi 38, na kosa la nusu nyuzi unaliona kwenye picha. Nilijaza karai la kuogea maji ya uvuguvugu, nikasimamisha chupa na tangi humo, kipimajoto kikielea, birika la maji moto pembeni la kuongeza. Shangazi alidai jikoni pake pageuzwe kuwa jikoni tena kabla ya saa sita.

Inafaa kujua kinachotokea ndani ya tangi, maana ndicho kinachoeleza ukali wa slaidi. Dawa ya kwanza, kama dakika sita, inafanyia kazi sehemu zilizopigwa na mwanga na kutengeneza picha ya nyeusi na nyeupe. Dawa ya pili inajenga rangi kwenye kile kilichobaki. Dawa ya mwisho inaondoa fedha yote, rangi tu inabaki. Sasa kama mahali palipigwa mwanga kupita kiasi, dawa ya kwanza imemaliza kila kitu, na dawa ya pili haina cha kupaka. Unabaki na plastiki tupu. Hakuna kuskani wala programu itakayorudisha dagaa waliopotea hapo. Ndiyo sababu ya kupimia mwanga upande wa kupungua.

Mikanda ikiwa bado mibichi huonekana kama imepitiwa na maziwa mepesi. Anayeona hali hiyo mara ya kwanza hudhani ameharibu. Niliitundika bafuni, nikafunga mlango, nikamzuia kila mtu kuoga.

Jumamosi, mezani

E100 kwenye Nikon: Mwamba wa Bismarck safi, mkali, samawati ya baridi. Picha nzuri ya mwaka huu. Filamu hii ilirudishwa sokoni 2018 baada ya Kodak kuacha slaidi kabisa 2012, na imetengenezwa iwe ya kweli katika rangi. Anayenunua E100 kwa kudhani anga ya mjomba imo ndani ya kasha, atasikitika.

E100 ile ile kwenye Spotmatic ni habari nyingine. Mawe yana joto, weupe wa mawingu umeelekea krimu, bluu imekoza bila kupiga kelele. Ile ya alfajiri yenye dhahabu nimeiweka pembeni, inafanana na kila picha ya alfajiri duniani. Ya saa nne ndiyo niliyomwekea mjomba katikati ya slaidi zake bila kumwambia. Alipita juu yake, akarudi.

"Hii sikupiga mimi. Gati hili jipya."

Gati limenisaliti, rangi hazikunisaliti.

Sensia imetoka na weusi uliogeuka kijivu chenye ukijani, vivuli vimejaa tope. Wapo wanaolipa fedha kwa sura hiyo. Mimi siitaki tena, maana hairudiwi: mkanda mwingine wa umri ule ule, uliotunzwa kwenye kabati lingine, ungetoa kitu kingine. Taa za Ukerewe kwenye Provia ni nzuri, za baridi, na si za zamani hata kidogo. Velvia ya Makoroboi shangazi ameipenda kuliko zote.

Mama wa beseni yuko sawa kwenye zote tatu. Ngozi ni ya kahawia yenye uhai, dagaa wana kung'aa lakini bado unawahesabu, kitenge kimetulia kuliko nilivyoogopa, na beseni ni jekundu kama gauni la shangazi la kwenye sanduku. Yenye mtoto na baiskeli ndiyo mjomba aliyoichagua. Leo naiskani bila kuruhusu mashine isawazishe rangi, kwa kuwa itaona manjano ya lenzi, idhani ni kosa, iyafute yote. Kisha nachapisha mbili: moja ya ukutani hapa, na moja apelekewe mwenyewe Nansio na mwenye bodaboda, ambaye ameshanipigia simu mara mbili kuuliza kama na yeye yumo.